Kuku ishirini na wawili, mbwa mmoja, na mtihani wa Jumatatu

Wamama na wadada wapenzi wa Kapalata, juma hili tunawaletea habari ya binti wa hapa kwetu. Wengi wenu mnamjua kwa sura. Ndiye anayekaa kila jioni kwenye kabine ya simu, chini ya parasoli, akiuza inite na kuchaji simu za watu, daftari likiwa magotini. Ameomba jina lake tuliache, nasi tumekubali, ingawa tunajua kwamba kabla ya Jumapili kila nyumba itakuwa imekwisha kulitaja.

Tulimfuata kwa sababu ana deni nasi. Deni lenyewe ni kuku. Tutafika huko.

Anasoma Kifaransa, mwaka wa pili, katika taasisi ya ualimu huko mjini. Sisi pia tulipita njia hiyo ya diplome ya ualimu, kwa hiyo tunajua masomo yale yanakula nini: minervali, silabusi za kununua, fotokopi, na nauli ya toleka siku ambayo miguu imekataa. Baba yake yuko kwenye machimbo upande wa Bafwasende, na pesa zake zinafika siku zinapofika. Mama yake anauza sombe na mafuta ya mawese. Siku ya binti inaanza kabla jogoo hajawika: kuchota maji, kufagia banda, kuwapa kuku pumba za mchele alizoomba kwenye mashine, kisha kushuka mjini. Mchana anarudi, anakula kama kuna chakula, anapanda kabineni mpaka usiku. Masomo anayasoma kwa taa ya kabine, kwa sababu jenereta ya mwenye kabine inawaka hata pale umeme wa Tshopo unapotukimbia.

Lakini anayelipa minervali si kabine. Kabine inalipa sabuni na chumvi. Wanaolipa minervali ni kuku. Alipopata diplome ya Serikali, mama yake alimpa tetea mmoja na jirani akamwazima jogoo. Tetea akaangua, watoto wakakua nao wakaangua. Mwanzoni mwa mwaka huu alikuwa na kuku ishirini na wawili, na hesabu yake ilikuwa kichwani kama sala: kuku watano ni sehemu ya kwanza ya minervali, kuku sita ni sehemu ya pili, wawili ni silabusi, mmoja ni wa wageni. Waliobaki hawaguswi.

Na alikuwa na Bobi. Bobi ni mbwa wa koko yake marehemu, mzee, masikio yamekatikakatika, analala mlangoni mwa banda. Tangu Bobi awe pale, hakuna mwizi wala kicheche aliyemchukua kuku hata mmoja. Katika nyumba zetu mbwa si mtu wa kubembelezwa, ni mlinzi anayelipwa mifupa. Ila binti huyu, tangu koko afe, anazungumza naye.

Ugonjwa uliingia kwa mguu wa sikukuu. Mjomba alileta jogoo kutoka sokoni mwisho wa mwaka, jogoo mzuri mwekundu, na kwa kuwa hakuchinjwa siku ile, walimweka pamoja na wengine. Baada ya siku chache jogoo alikuwa amesimama pembeni, mbawa zimeshuka, macho yamefumba. Jumatatu tetea wa kwanza alianza kuharisha kinyesi cha kijani. Jumanne walikuwa watatu, mmoja shingo imepinda, kichwa kimeangalia mgongoni, anazunguka kama mtu aliyelewa.

Kila mtu alikuja na dawa yake. Pilipili ndani ya maji. Majivu. Mafuta ya mawese. Vidonge vya tetra vilivyofunguliwa na kumwagwa kwenye unga. Binti alifanya yote, usiku, baada ya kabine, akimfungua kila kuku mdomo kwa vidole. "Madamu," alituambia, "nilikuwa na mtihani wa fonetiki Jumatatu inayofuata. Nilikuwa ninasoma sauti za Kifaransa na huku ninasikia kuku wanakoroma."

Jumatano mama mmoja wa jirani akampa shauri ambalo sote tumekwisha kulitoa au kulipokea. Uza wale ambao bado wanasimama. Uza leo, kesho watakuwa nyama ya kutupa. Binti aliwachagua wanne walioonekana wazima, akawafunga miguu, akawauza hapo hapo njiani. Mmoja tulimnunua sisi.

Ndiyo, sisi. Tulikuwa tunamngoja shemeji Jumapili. Tukamweka kuku yule na watatu wetu, tukamtupia mahindi, tukafurahi kwamba tumempata kwa bei nzuri. Jumapili shemeji alikula maharagwe. Wiki iliyofuata banda letu lilikuwa tupu, na mtoto wetu mdogo alikuwa anatuuliza kama kuku wanakwenda mbinguni.

Alhamisi ndipo jina la ugonjwa lilipojulikana. Binti ana rafiki anayesoma kilimo katika IFA-Yangambi, ile taasisi ambayo jina lake ni la Yangambi na wanafunzi wake tunakutana nao hapa Kisangani. Rafiki alifika, akaangalia kinyesi, akaangalia shingo, hakugusa kitu kabla ya kuuliza: "Umewachanja?" Hakuna aliyekuwa amewachanja. Akasema ni Newcastle.

Tuieleze kidogo, kwa sababu tulipowauliza wamama kumi baada ya misa, tisa walituambia ni "pesti" tu, na wa kumi alisema ni jicho la mtu. Newcastle ni mji wa Uingereza. Ugonjwa huu ulitambuliwa huko mwaka 1926, na mwaka huo huo ulionekana pia katika kisiwa cha Java, mbali kabisa huko Asia. Unaletwa na virusi. Kwa sababu hiyo tetra haiuponyi, hata ukimwaga sanduku zima: tetra inapigana na bakteria, na hapa adui ni mwingine. Pilipili nayo inamchoma kuku koo tu. Kuku ambaye hajachanjwa akishapata, hakuna dawa ya kumponya, na katika banda ambalo halijachanjwa wanaweza kufa karibu wote. Unasambaa kwa kinyesi, kwa mate, kwa viatu, kwa kikapu, kwa kuku mgeni. Na unasambaa hasa kwa lile shauri letu zuri la kuuza haraka. Kuku anaweza kuonekana mzima siku kadhaa huku ameubeba tayari, na soko ndilo linalompeleka kwenye nyumba nyingine. Jogoo wa mjomba, bila shaka, aliuzwa na mtu aliyepewa shauri lile lile.

Rafiki yule aliposema hivyo, binti alikaa chini. Alikuwa amekwisha kuuza wanne. Alikwenda kuwatafuta walionunua, nyumba kwa nyumba, jioni ile, akafunga kabine mapema na kukatwa pesa na mwenye kabine. Wawili walikuwa wamekwisha kuchinjwa na kuliwa. Ugonjwa huu si ule wa kumuua mla kuku aliyeiva vizuri, hilo tuliseme ili mtu asilale na hofu. Nyumba ya tatu ilimfukuza. Ya nne ilikuwa ya kwetu. Alisimama mlangoni na pesa mkononi: "Madamu, nilikuuzia ugonjwa, sikujua." Tulikataa pesa, lakini tusijisifu: tulikataa kwa kuwa hatukumwamini. Kuku wetu walikuwa bado wanakula.

Walikufa wa kwake kumi na watano. Pamoja na wanne waliouzwa, jumla kumi na tisa. Walibaki matetea watatu.

Wamama, sasa tunafika kwenye mambo ambayo hatukuyatarajia tulipoanza kuuliza habari hii. Kuku wanaokufa wanatupwa wapi? Binti alikuwa anarudi usiku, amechoka, asubuhi ana masomo. Aliwatupa nyuma ya choo, akafunika kwa majani. Bobi aliwafukua.

Jumamosi asubuhi Bobi alikuwa anatoka mate marefu mdomoni. Hakula, hakunywa, alikuwa anasugua uso chini na kulia kwa sauti ngeni. Mtoto mmoja alipiga kelele: "Raji!" Mnajua neno hilo linavyofanya kazi hapa kwetu. Dakika haikupita, vijana sita walikuwa kwenye uwanja na fimbo na mawe, na wazee nyuma yao wakisema muueni kabla hajauma mtu. Hatuwalaumu. Kichaa cha mbwa kikishamshika mtu, dalili zikianza, karibu hakuna anayepona. Na duniani, katika watu 100 wanaokufa kwa ugonjwa huo, hadi 99 waliupata kwa mbwa. Wanaoumwa na mbwa wengi ni watoto, kwa sababu ndio wanaocheza nao.

Binti aliingia katikati. Alipiga magoti, akamkumbatia mbwa shingoni, akamfungua mdomo kwa mikono miwili, kama alivyokuwa akiwafungua kuku wake usiku. Mfupa wa kuku ulikuwa umekwama juu, katikati ya meno ya nyuma, umepita kama fito. Aliuvuta. Bobi alilia, akafunga mdomo, jino likamkwaruza binti kwenye kidole gumba.

Vijana walicheka, wakashusha fimbo. Ungedhani mambo yamekwisha. Mfupa ndio uliokuwa kisa, basi. Lakini mama yake hakucheka. Alimshika mkono akampeleka kwenye kituo cha afya, na infirmiere wa zamu, mama mtulivu sana, hakumuuliza habari ya mfupa hata kidogo. Alimpeleka kwanza kwenye ndoo ya maji na kipande cha sabuni, akaangalia saa. Dakika kumi na tano za kuosha. Binti anasema hajawahi kujua kwamba dakika kumi na tano ni ndefu hivyo. Kisha akamweleza: mfupa unaweza kuwa sababu ya mate, ndiyo, lakini mbwa huyu hajawahi kuchanjwa, na hakuna anayejua usiku anazurura na mbwa gani. Mate yenye virusi yanaweza kuingia kupitia mkwaruzo mdogo. Kwa hiyo hatungoji kuona. Unaanza chanjo leo, na mbwa anafungwa siku kumi na kuangaliwa. Kama siku kumi zimepita naye ni mzima, basi siku ile alipokukwaruza hakuwa na ugonjwa katika mate yake, na daktari anaweza kusimamisha sindano. Akifa au akibadilika kabla ya hapo, unaendelea mpaka mwisho.

Tumeandika maneno ya mama yule kwa urefu kwa sababu sisi, pamoja na diplome yetu, tulikuwa tunaamini kinyume: kwamba unamfunga mbwa kwanza, unangoja, na chanjo ni ya baadaye. Na tulikuwa tunafahamu mambo ya jiwe jeusi la kufunga kwenye kidonda. Jiwe halifanyi kazi ya sabuni. Darasani tunawafundisha watoto kwamba Louis Pasteur alimchanja kijana Joseph Meister tarehe 6 Julai 1885, mtoto wa miaka tisa aliyeumwa na mbwa, naye akapona. Tarehe tunaiandika ubaoni kila mwaka. Kuosha kidonda dakika kumi na tano hatukuwahi kuandika.

Chanjo, sehemu ya kwanza waliyokwenda haikuwepo. Sehemu ya pili ilikuwepo, jioni, kwa pesa. Pesa gani? Za kuku wanne, na zile alizokuwa ameziweka kwa minervali. Sindano ya kwanza Jumamosi, ya pili Jumanne, ya tatu Jumamosi iliyofuata. Siku ya mwisho ya kulipa sehemu ya pili ya minervali ilikuwa Ijumaa, katikati ya sindano hizo.

Majirani waliongea, na tuandike walichosema, maana wengine ndio mnaosoma hapa. Pesa za masomo zimemwagwa kwa sababu ya mbwa. Angewaacha vijana wamuue, angekuwa na minervali na kidole kizima. Tulimuuliza binti mwenyewe. Alifikiri kidogo. "Koko aliniambia, huyu atakulinda mpaka umalize masomo. Sasa kama mimi ninamwacha auawe kwa mfupa niliomtupia mimi mwenyewe..." Hakumaliza. Akamuuzia mteja inite.

Jumatatu alifanya mtihani wa fonetiki na bendeji kwenye kidole. Anasema mkono haukumsumbua, kilichomsumbua ni kwamba kila alipofumba macho aliona mbwa amefungwa kwa kamba kwenye mwembe na watoto wanamkaribia. Alikuwa amewaomba wadogo zake wasimkaribie, amewaahidi biskuti kwa kila siku. Asubuhi na usiku alikuwa anamwekea maji kwa sahani iliyofungwa kwenye fimbo ndefu, kama infirmiere alivyosema, kisha anasimama mbali na kuangalia: amekunywa? amemeza vizuri? anamfahamu bado? Kwenye daftari la fonetiki, ukurasa wa mwisho, ameandika siku moja mpaka kumi, na mbele ya kila siku neno moja: amekula, amekula, amekula kidogo, amekula. Tuliliona daftari hilo. Siku ya tano, yale maneno "amekula kidogo", wino umetawanyika.

Minervali ililipwa. Hili linawahusu ninyi. Mama yake ni mwanachama wa likelemba letu la Jumapili, na zamu yake ilikuwa ya nane. Mama aliyekuwa na zamu ya Jumapili ile alikuwa amengojea miezi kadhaa kununua mabati. Alimsikiliza mama wa binti akieleza, akanyamaza, kisha akasema wabadilishane. Pesa zilifika mwenye zamu asiye wa siku ile, na Ijumaa binti alikuwa na risiti mkononi. Mama yule naye hataki kutajwa. Nyumba yake bado inavuja, na mvua ya Kisangani haimngoji mtu.

Siku ya kumi ilikuwa Jumanne. Bobi alikuwa mzima, amenenepa kidogo hata, kwa kuwa kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikuwa anakula kwa saa. Daktari alisimamisha sindano ya nne. Kamba ilifunguliwa. Bobi alikwenda moja kwa moja kwenye mlango wa banda lililokuwa karibu tupu, akalala mahali pake.

Na mtihani? Kumi na moja juu ya ishirini. Sisi walimu tunajua kumi na moja hii ina uzito gani kuliko kumi na sita za wengine, ila kwenye karatasi ya matokeo hakuna nafasi ya kuandika hivyo.

Sasa habari ya chanjo ya kuku, kwa sababu binti hakuja kwetu kuhojiwa tu, alikuja na pendekezo. Rafiki yake wa IFA alimweleza: chanjo ya Newcastle ipo, ni tone moja la jichoni, na inarudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Ya kumpa kuku aliye mzima, si mgonjwa, na inahitaji wiki moja au mbili kabla ya kumlinda. Shida ni chupa. Chupa moja ni ya dozi mia moja au zaidi, na ukishaichanganya ni ya kutumia siku ile ile. Ni nani katika Kapalata mwenye kuku mia? Mama mwenye kuku sita atanunua chupa nzima, atumie matone sita, amwage mengine? Ndiyo maana hatuchanji. Si ujinga wote, wamama, ni hesabu. Kuna aina za chanjo zinazotaka barafu kutoka dukani mpaka jichoni mwa kuku, na kuna aina moja, I-2, inayovumilia joto zaidi. Kwa nyumba zetu zisizo na friji hiyo ndiyo ya kuulizia kwanza.

Basi binti anasema: tununue chupa kama tunavyofanya likelemba. Kila nyumba inaandika idadi ya kuku wake, inalipa kwa hesabu ya vichwa, na Jumamosi moja asubuhi mapema, kuku wakiwa bado ndani, veterineri na rafiki wa IFA wanapita nyumba kwa nyumba. Nyumba yenye kuku anayeumwa inasema mapema, bila aibu, ili ipitwe na wenye viatu vyao wasichukue ugonjwa kwenda kwa wengine. Sisi tulikuwa wa kwanza kuandikwa, ingawa hatuna kuku. Tutanunua watano, tutawaweka peke yao wiki mbili kabla ya kuwachanganya na mtu yeyote, na safari hii hatutauliza bei nzuri.

Yeye mwenyewe ameandika matetea watatu. Mmoja amelalia mayai tisa.

Orodha iko kwenye kabine, ndani ya daftari la fonetiki, kuanzia jua likizama. Leo tunapoandika ina nyumba kumi na moja na kuku 83. Chupa ni ya dozi 100. Zimebaki nafasi kumi na saba.